Tumegawa dawa za kichocho miaka minne, watoto bado wanakojoa damu: tunakosea wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa afya katika shule ya msingi moja wilayani Nzega, mkoani Tabora. Tunagawa dawa za kichocho na minyoo kila mwaka, huu ni wa nne. Wiki mbili baada ya ugawaji wa mwaka huu, watoto wanane wa darasa la nne na la tano wameniambia bado wanakojoa damu. Siku yenyewe ya dawa, watoto kadhaa walitapika na wawili walianguka mstarini. Wazazi sasa wamegawanyika: wako wanaosema dawa haina nguvu, wako wanaosema ni sumu. Niwajibu nini, na sisi shuleni tunakosea wapi?

JIBU: Mwalimu, tuanze na hao wanane, kwa sababu wiki mbili ni mapema mno kuihukumu dawa.

Mnyoo jike wa kichocho cha mkojo hukaa kwenye vijishipa vinavyozunguka kibofu na kutaga mayai humo. Yai lina mwiba nchani. Karibu nusu ya mayai hayo hayatoki kabisa. Hunasa kwenye ukuta wa kibofu na kuutia vidonda, na hapo ndipo damu inapotokea. Prazikwanteli, yaani dawa ya kichocho, inamuua mnyoo. Mayai yaliyokwisha nasa haiyagusi, na wiki kadhaa baadaye yanaendelea kuchomoka moja moja, mengi yakiwa yamekufa, huku kidonda kikipona taratibu. Kwa hiyo mtoto anayekojoa damu wiki ya pili anaweza kuwa hana mnyoo hata mmoja ulio hai. Kipimo cha kujua kama dawa imefanya kazi hufanywa kuanzia wiki ya nne hadi ya sita. Waandike majina na tarehe, kisha subiri. Nitarudi kwao mwishoni.

Ila kuna jambo moja la kukagua leo hii. Fungua rejesta za miaka yote minne uangalie ni dawa gani hasa iliyogawiwa kila mwaka. Sehemu nyingi albendazoli ya minyoo ya tumbo huja kila mwaka, wakati prazikwanteli ya kichocho huja kwa mzunguko mwingine, kutegemea ukubwa wa maambukizi yaliyopimwa eneo hilo. Watu huita zote “dawa za minyoo”. Albendazoli haiui kichocho. Ukikuta mwaka mmoja au miwili kati ya hiyo minne ilipita bila prazikwanteli, sehemu ya lawama za wazazi imeshajibiwa na karatasi zako mwenyewe.

Lawama iliyobaki imetokana na neno tunalolitumia. Zoezi hili tunaliita kingatiba, na mzazi akisikia “kinga” anafikiria chanjo ya surua: mtoto akishapata, yamekwisha. Prazikwanteli haikingi kitu. Ni fagio la siku moja. Inaua minyoo iliyokomaa iliyomo mwilini siku ile, na baada ya siku moja au mbili dawa yenyewe imeshatoka mwilini. Minyoo michanga, ile iliyoingia mwilini ndani ya mwezi mmoja hivi uliopita, haiidhuru sana. Mtoto aliyeingia lamboni wiki tatu kabla ya dawa atameza, atafagiwa wakubwa, na wadogo watakua. Wakifika miezi miwili na nusu hadi mitatu tangu waingie, wanaanza kutaga. Mzazi anaona damu inarudi baada ya muda mfupi na kusema dawa ni bure, na ukimsikiliza vizuri, hajaona vibaya, ameelezwa vibaya. Usugu wa dawa ndio watu hupenda kuutaja kwanza, lakini mpaka sasa hakuna ushahidi thabiti kwamba umeenea kwa binadamu. Kabla ya kuusingizia usugu kuna mambo manne matano ya kukagua, na karibu yote yako ndani ya uwezo wenu.

La kwanza ni tumbo. Watoto waliotapika na wale wawili walioanguka, nina hakika ukiwauliza walikula nini asubuhi, jibu litakuwa “chai ya rangi” au “sikula”. Prazikwanteli kwenye tumbo tupu huleta kichefuchefu, maumivu ya tumbo, kizunguzungu na kichwa kuuma, na isitoshe hufyonzwa vibaya, maana chakula huisaidia kuingia kwenye damu. Mtoto mwenye njaa anapata adha nyingi na faida kidogo. Uji mwepesi wa saa kumi na mbili asubuhi hauhesabiki ikiwa dawa inamezwa saa tano. Mlo uwe ndani ya saa moja hivi kabla ya dawa, na uwe na uzito: uji mzito wenye karanga, ugali, viazi. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, yanafaa kabisa, na hayo kila nyumba ya huko inayo. Mwambie kila mtoto aje na fungu lake, halafu shule iongeze uji. Kwa watoto 600, kila mmoja mililita 300, unahitaji lita 180. Kilo moja ya unga ikitoa lita 8 hivi, ni kilo 22 au 23 za unga. Kamati ya shule ikipewa hesabu hiyo wiki tatu kabla inaweza kuchangisha. Ikiambiwa jana yake, haiwezi. Uji ukikosekana, ahirisha. Ni afadhali kugawa Alhamisi badala ya Jumanne kuliko kugawa kwa watoto wenye njaa na kulipa gharama hiyo mwaka unaofuata.

Kuanguka mstarini kuna sababu nyingine zaidi ya dawa. Watoto wamesimama juani saa nzima, wana njaa, wana hofu, mmoja anaanguka mbele ya macho ya wenzake, na dakika tano baadaye wengine watatu wanajisikia hivyohivyo. Usigawe paredi nzima. Ita darasa moja moja, wakae kivulini, wameze, wabaki wamekaa nusu saa. Andaa chumba au kivuli cha nyuma, mbali na mstari, wa kuugua apelekwe huko akalazwe, miguu iinuliwe kidogo, apewe maji. Adha nyingi huisha ndani ya saa 24. Mjue pia kwamba mwenye minyoo mingi ndiye huumwa zaidi, kwa kuwa minyoo inakufa kwa wingi mara moja. Hilo wazazi waambiwe kabla, si baada. Atakayetapika usimrudishie dozi papo hapo; andika jina lake, mshauri mhudumu wa zahanati.

Sasa dozi. Kipimo ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na kwa kuwa kupima uzito wa mamia ya watoto ni kazi, hutumika fimbo ya urefu. Kwa vidonge vya miligramu 600: kuanzia sentimita 94 hadi chini ya 110, kidonge kimoja, kuanzia 110, kimoja na nusu, kuanzia 125, viwili, kuanzia 138, viwili na nusu, kuanzia 150, vitatu, kuanzia 160, vinne, 178 na kuendelea, vitano. Aliye chini ya 94 hapimwi kwa fimbo hiyo, anapelekwa zahanati apimwe uzito. Makosa ninayoyajua kwenye fimbo ni ya kawaida kabisa: mtoto amepimwa na viatu, fimbo imesimamishwa kwenye kijimwinuko au imezama kwenye mchanga, nywele zimehesabiwa urefu. Chora alama hizo kwenye ukuta wenye sakafu ya saruji chini yake, upime kwa futi ya fundi mara mbili, na hiyo itakutumikia miaka. Kosa kubwa kuliko hayo ni kugawa kwa darasa, “darasa la tatu kimoja kimoja, la tano viwili viwili”. Darasa la nne lina mtoto wa miaka tisa na wa miaka kumi na nne.

La hatari zaidi ni kupunguza dozi ili vidonge vitoshe. Mtoto wa sentimita 130 mwenye kilo 26 akipewa viwili anapata miligramu 1,200, sawa na 46 kwa kilo, ambayo ni dozi nzuri. Akipewa kimoja anapata 23 kwa kilo: minyoo imejeruhiwa, haijafa, na rejesta inaonyesha mtoto ametibiwa. Vidonge vikipungua, wape wachache dozi kamili, waliobaki waandikwe, omba nyongeza. Kwa makisio, zidisha idadi ya wanafunzi kwa vidonge viwili na nusu. 600 wanahitaji kama 1,500.

Albendazoli ni rahisi: kidonge kimoja cha miligramu 400 kwa wote, mrefu kwa mfupi, na inaweza kumezwa siku hiyohiyo pamoja na prazikwanteli. Inafanya vizuri kwa minyoo mikubwa ya mviringo na kwa safura. Kwa minyoo mjeledi dozi moja ni dhaifu, kwa hiyo usiwaahidi wazazi kwamba tumbo litakuwa safi kabisa.

Kumeza kuwe mbele ya macho yako, na maji safi ya kutosha, kila mtoto na kikombe chake. Prazikwanteli ni chungu vibaya sana ikilambwa au kutafunwa. Imezwe haraka kwa funda kubwa la maji. Watoto huificha chini ya ulimi na kwenda kuitema chooni, basi mwambie afungue mdomo, aseme jina lake, ndipo aondoke. Mdogo asiyeweza kumeza, kidonge kisagwe na kuchanganywa na maji kidogo. Usimshike mtoto pua, usimlazimishe analia. Hivyo ndivyo vidonge vinavyoingia kwenye njia ya hewa, na mtoto anaweza kufa kwa kupaliwa na dawa ambayo yenyewe haiui. Anayekataa leo aachwe, azungumziwe, arudi siku ya kumalizia.

Wako wa kuwaweka kando siku hiyo: mwenye homa kali au anayeumwa sana, aliyewahi kupata mzio wa dawa hizi, na mwenye kifafa. Huyu wa kifafa anahitaji kuelezwa, kwa kuwa wengi hawaelewi uhusiano. Mayai ya tegu wa nguruwe yakimezwa, huweza kutengeneza vifuko kwenye ubongo, na vifuko hivyo ni chanzo kimojawapo cha kifafa. Prazikwanteli huviua vilevile, ubongo unavimba kuvizunguka, na mtoto anapata degedege. Si kila mwenye kifafa ana vifuko, lakini shuleni huwezi kujua. Aende kituo cha afya akatibiwe huko chini ya uangalizi. Kwa wasichana wakubwa na kina mama: albendazoli haitolewi miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, na prazikwanteli hutolewa baada ya miezi hiyo. Mama anayenyonyesha anameza.

Hayo yote yakienda sawa, bado kuna shimo kubwa kuliko yote, nalo liko nje ya geti la shule. Tuseme umeandikisha wanafunzi 600 na 540 wamemeza. Unaripoti asilimia 90 na kila mtu anapiga makofi. Lakini ikiwa kijiji kina watoto 850 wa umri huo, waliomeza ni asilimia 64, wakati lengo ni angalau 75. Hao 310 ni akina nani? Anayechunga ng'ombe tangu asubuhi na kunywesha lamboni. Aliyeacha shule. Aliyekuwa shambani siku hiyo. Ndio hasa wanaokaa majini kuliko wote, na ndio wanaokojoa majini kuliko wote. Omba mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii waandike orodha yao nyumba kwa nyumba, na siku ya kumalizia ipangwe jioni, ng'ombe wakisharudi zizini.

Kisha watu wazima. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: pale maambukizi yanapofika asilimia 10 au zaidi, prazikwanteli itolewe kila mwaka kwa jamii nzima kuanzia miaka miwili, wakubwa kwa wadogo. Mantiki yake inaonekana waziwazi kwenye majaruba ya mpunga. Baba na mama wanapandikiza wakiwa kwenye maji hadi magotini, wiki nzima, na haja ndogo inakwenda humohumo. Ukiwatibu watoto peke yao, wazazi wanaendelea kuyarutubisha maji. Kugawa kwa jamii nzima ni uamuzi wa halmashauri na wizara, si wako. Ila wewe una haki ya kumpelekea mratibu wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele wa wilaya taarifa kwamba damu inarudi kila mwaka licha ya dawa, na kumwomba eneo lipimwe upya. Kwa watoto wa chini ya miaka sita, Shirika hilo mwaka 2024 liliidhinisha kidonge kidogo cha miligramu 150 kinachoyeyuka majini. Muulize kama kimefika kwenu.

Muulize pia kuhusu mwezi wa kugawa, kwani kwa Tabora hili lina uzito. Konokono anayebeba kichocho cha mkojo, Bulinus, anapenda madimbwi na majaruba yanayojaa na kukauka. Kiangazi hujichimbia kwenye tope na kulala. Mvua za Novemba zikijaza maji anaamka na kuzaliana upesi. Anayekojoa majini anatoa mayai, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinamtafuta konokono ndani ya siku moja, na baada ya mwezi hadi miezi miwili konokono anamwaga maelfu ya vijidudu vyenye mkia vinavyopenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Maambukizi mengi basi ni ya kati ya masika na wakati wa kukauka kwa maji. Ukigawa dawa Machi, unawakuta watoto wamejaa minyoo michanga isiyokufa, na kesho yake wanarudi majarubani. Ukigawa Septemba au Oktoba, madimbwi yakiwa yamekauka, minyoo yote imekomaa na fagio linaikuta, na mtoto anakaa wiki kadhaa bila kuambukizwa tena. Lambo lisilokauka linaharibu hesabu hiyo kwa kiasi fulani, lakini si kwa kuifuta.

Wakati maji yapo, mambo machache hufaa kweli. Vijidudu hivyo humwagwa zaidi jua likiwa kali, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kwa hiyo kuteka maji alfajiri ni nafuu, ingawa si salama kabisa. Haviishi zaidi ya saa 48 nje ya konokono. Maji yaliyotulia siku mbili kwenye pipa lenye mfuniko, bila konokono ndani, yanafaa kuogea. Mabuti ya mpira yanasaidia jarubani mpaka pale maji yanapoingia kwa juu. Watoto wakiulizia ni konokono yupi, mfundishe hivi bila kumshika mkononi: ganda likisimamishwa ncha juu na mdomo ukitazama kwako, mdomo wa Bulinus uko kushoto, na hana kifuniko kigumu cha kuuziba. Wale wakubwa wenye vifuniko hawahusiki. Sumu ya konokono ipo, lakini inaua na samaki. Hiyo si kazi ya shule. Choo cha shule chenye maji ya kunawa na choo karibu na majaruba kitakusaidia zaidi.

Kwa wazazi, itisha mkutano kabla ya mwezi wa dawa na useme mambo haya kwa maneno ya wazi: dawa inafagia, haikingi, mtoto ale kwanza, wengine wataumwa tumbo siku hiyo, damu inaweza kuendelea wiki chache, fomu ya ridhaa ni hiari yao kweli. Usiwafiche adha. Mwaka 2008 mkoani Morogoro ugawaji wa dawa hizihizi shuleni ulizua vurugu baada ya wazazi kusikia watoto wameugua, bila kuwa wameelezwa chochote cha maana kabla. Na waelezwe kwa nini inafaa kuhangaika: kichocho kisichotibiwa huharibu kibofu na figo, kimethibitishwa kuwa chanzo cha saratani ya kibofu, na kwa wasichana huweka vidonda ukeni na kwenye mlango wa kizazi ambavyo mara nyingi hudhaniwa ni ugonjwa wa zinaa. Msichana anayetokwa damu isiyo ya hedhi apelekwe zahanati na mama au mwalimu wa kike, bila kuulizwa mbele za watu.

Turudi kwa wale wanane. Wiki ya sita ikifika, wapeleke zahanati au kituo chenye hadubini kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanatoka kwa wingi. Kila mmoja akimbie kidogo kwanza, kisha akojoe kwenye chombo safi, na matone ya mwisho yasipotee, maana ndiyo yenye mayai mengi. Chombo kifunikwe, kiwe kivulini, kipimwe siku hiyohiyo kabla mayai hayajaanguliwa. Maabara ikichuja mililita 10 na kukuta mayai hai, mtoto anarudia dozi kamili kwa uzito, sio kwa fimbo. Ikikuta damu bila mayai, aangaliwe maambukizi ya njia ya mkojo au mawe. Na wakikuta mayai 50 au zaidi kwenye mililita 10 kwa watoto kadhaa, hayo ni maambukizi makali: nakala ya majibu hayo iende kwa mratibu wa wilaya wiki hiyohiyo, pamoja na rejesta zako za miaka minne.